Wanasifia mabega, hawajui ya chini: Datsun ya Mnyuzi na ekseli ya Noah

Wadau, ile picha mmeiona. Pikapu ya Datsun 1200 rangi ya chungwa, imepaki kando ya reli pale Mnyuzi, tairi za nyuma zimetoka nje kama abiria aliyetanua viwiko kwenye siti ya daladala, na juu yake kuna mabega ya bati yaliyopindwa kwa mkono. Wiki nzima ilikuwa inazunguka kwenye status za WhatsApp. Huyu anasema imeshushwa kutoka Japani, yule anasema ni ya msanii fulani anataka kushutia video, na kuna mwingine aliapa kabisa kwamba mabega yale yametengenezwa Nairobi na wale mafundi wanaopamba matatu.

Hakuna kitu kama hicho. Mabega yale yapo kwa sababu mama mmoja anayeuza wali maharage karibu na stesheni alikataa jambo moja. Akaulizwa tena, akakataa tena.

Kwanza gari lenyewe. Datsun 1200 ni pikapu ndogo ya miaka ya 1970, injini yake ya A12 ina sisi 1,171, na ni nyepesi kiasi kwamba vijana wanne wakipatana wanainyanyua nyuma na kuisogeza kwenye matope bila kuita mtu. Bongo zimebaki za kuhesabu. Afrika Kusini waliendelea kuiuza kwa jina la Nissan 1400 mpaka 2008, ndiyo maana vijana wa huko wanazichezea watakavyo na spea wanazo. Ya Mnyuzi ilinunuliwa na babu mmoja miaka ya 1980, kipindi akiwa nyapara kwenye shamba la mkonge. Mkonge ukayumba bei, kazi ikaisha, gari likabaki.

Babu huyo ukimgusa kwenye Datsun umejitafutia mhadhara. Atakukumbusha kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alichukua Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, akiwa ndani ya Datsun. Ni kweli tupu, ila ile ilikuwa Datsun Violet, gari jingine kabisa. Jaribu kumwambia hivyo uone.

Kwa wale wanaopita na basi wakiwa wamelala: Mnyuzi iko kati ya Muheza na Korogwe, kwenye ile reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Hapo ndipo inapokutana na reli inayotoka Ruvu, iliyojengwa 1963, kwa hiyo treni ya Dar kwenda Moshi na Arusha lazima ipite hapo. Ni sehemu ndogo. Ukinunua simu mpya asubuhi, jioni watu wanakuuliza betri inakaa muda gani. Kwenye sehemu kama hiyo kila chuma kilicholala uwanjani kina mwenyewe na kina stori yake.

Datsun ilikufa ikiwa imebeba machungwa ya Muheza. Ilijazwa kupita kiasi, ikapanda kilima, ukasikika mlio kama mtu amemwaga misumari kwenye ndoo. Difu. Meno ya krauni yalikatika, vipande vikaingia kwenye pinioni, na kila kitu mle ndani kikageuka changarawe. Ikakokotwa hadi nyumbani, ikawekwa chini ya mwembe. Miaka mitatu. Kuku wakataga ndani yake. Wanunuzi wa skrepa wakawa wanapita kila baada ya muda na mizani yao, wanamtajia babu bei ya kilo, babu anawaambia wamsubiri afe kwanza.

Mjukuu wake anatengeneza simu Kariakoo. Alikwenda likizo, akamkuta mtu wa skrepa amekaa na babu kwenye mkeka, chai imeshamiminwa. Safari hii babu hakuwa anatukana. Alikuwa anauliza kama wanalipa taslimu. Presha ilikuwa imemwandama, dawa zinataka hela kila mwezi, na alikuwa hajamwambia mtu.

Jamaa wa skrepa akamaliza chai, akaondoka bila gari. Mjukuu akabaki na ahadi aliyoitoa kwa mdomo bila kujua ataitimiza vipi: gari litatembea, litabeba mizigo ya watu, na hela ya dawa itatoka humo humo.

"Mume mwenzangu," babu akamwambia, "hilo difu utalizaa wewe?"

Akalitafuta. Akauliza Gerezani, akauliza Ilala, akatuma picha kwenye magrupu ya spea mpaka akatolewa kwenye moja. Majibu ni yale yale: Datsun 1200 ilishazikwa, tafuta gari jingine. Ya Sauzi ilipatikana, ila ukijumlisha usafiri unafika bei ya kununua bodaboda iliyotumika.

Ndipo fundi wa hapo Mnyuzi, mtu mzima mwenye gereji ya turubai na mashine ya kuchomelea, akasema kitu ambacho ni kama hakutaka kukisema. Kwamba kuna ekseli nzima ya Noah, difu zima, ngoma za breki zimo, na imelala nyuma ya nyumba ya mama lishe wa stesheni. Alisema akiwa anaangalia chini, anapangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Noah yenyewe kila mtu anaijua. Ilikuwa ya abiria, na dereva wake alikuwa mume wa huyo mama. Ilipinduka usiku, gurudumu la mbele kushoto lilikunjika likaingia chini ya gari, mume akafia hapo hapo. Boljointi ilikuwa imechoka, na badala ya kununua mpya ilichomelewa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba ichomelewe, hana hela, mwisho wa wiki ana safari. Alikwenda kuomba wapi? Mnyuzi gereji yenye mashine ya kuchomelea ilikuwa moja tu.

Hakuna aliyewahi kulisema hadharani. Polisi waliandika walichoandika, gari likakokotwa, mbele likakatwa vipande likauzwa kilo kilo, nyuma likabaki kwa sababu mama alisema libaki. Zamani alikuwa akimwita yule fundi "shemeji", maana walikuwa watu wa kushinda pamoja, yeye na mumewe. Tangu msiba anamwita "fundi". Ukiwa mgeni hutagundua. Watu wa pale wanasikia neno hilo kila siku.

Mjukuu akaenda mwenyewe. Alifika saa ambayo wateja wameisha, akamkuta anaosha masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ile ekseli."

Hakuwa hata amefungua mdomo. Mama akakausha mikono, akaweka masharti yake kama mtu aliyekuwa ameyaandaa siku nyingi. Laki tatu. Laki mbili taslimu, iliyobaki atabebewa mchele na mkaa kutoka Korogwe mpaka ifike. Halafu jambo la pili. Kwenye gari hilo kisichomelewe kitu chochote kinachozunguka. Kilichosimama wachomelee watakavyo. Kinachozunguka, hapana.

"Na umwambie fundi ni mimi nimesema."

Sasa hapa inabidi ieleweke kazi yenyewe, la sivyo mtu ataona ni mama tu na maneno yake. Kuhamisha ekseli ya Noah kwenda kwenye Datsun si kama kubadilisha tairi. Noah nyuma inakaa kwenye koili springi, na ekseli yake inashikwa na mikono minne ya chuma pamoja na fimbo moja ya pembeni inayoizuia isiyumbe kushoto na kulia. Datsun haina hayo yote. Inakaa kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangana kama chapati kwenye sahani, ekseli inalazwa juu yake na kufungwa kwa yubolti. Kwa hiyo kila kishikio cha Noah kinakatwa kwa grinda mpaka bomba libaki uchi, halafu vinachomelewa viti vipya vya kukalia springi za Datsun.

Viti havizunguki. Sawa, vichomelewe.

Tatizo kubwa lilikuwa upana. Noah ni gari pana, Datsun ni kigari. Ekseli ilipolazwa chini ya pikapu kwa mara ya kwanza, kila upande ulizidi kiasi cha kiganja. Babu alicheka mpaka akakohoa, akasema gari limekuwa kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake.

Dawa ya hapo mafundi wote wanaijua. Unakata bomba la ekseli, unalifupisha, halafu unafupisha zile hafu shafti mbili zilizomo ndani, zile zinazotoa nguvu kwenye difu na kuipeleka kwenye gurudumu. Kufupisha bomba ni rahisi. Kufupisha shafti kuna njia mbili. Ya kwanza unaikata katikati, unaunganisha na kuchomelea, wengine wanatia pini ndani kwa ajili ya kujipa moyo. Ya pili unaikata mwisho, halafu unachonga meno mapya kwenye mashine ili iingie tena kwenye difu. Ya kwanza inamalizika jioni ile ile. Ukitaka ya pili unahitaji mtu wa kukereza vyuma mwenye mashine ya maana, na shafti yenyewe iwe na mwili wa kutosha pale unapotaka kuchonga.

Hafu shafti inabeba nguvu yote ya injini ikizidishwa na gia na difu, inajinyonga na kujinyongoa kila ukikanyaga moto. Chuma chake kimepitishwa kwenye moto kiwandani kwa hesabu, kikakomazwa. Ukikichoma na mashine ya kuchomelea unaua ule ukomavu kuzunguka mshono, pembeni ya mshono panakuwa pakavu kama biskuti. Inaweza kukaa mwaka. Inaweza kukatika Jumanne kwenye kona ukiwa na mzigo. Mama hajasoma hayo popote, ila kwenye shafti sharti lake lilikuwa sahihi kuliko mafundi wengi wenye vyeti.

Fundi alisikia ujumbe, hakujibu. Kesho yake alfajiri alionekana barabarani na shafti mbili zimefungwa kwenye kiroba, anasubiri basi la Tanga. Nauli yake mwenyewe. Akarudi usiku na jibu: mtu wa kukereza amezipima, kutoka mwisho wenye meno zinapungua unene, ukikata pale wanapotaka hapabaki mwili wa kuchonga meno mapya. Haiwezekani.

Mjukuu, kijana wa mjini, akasema basi wachomelee, nani atajua. Ukweli usemwe, wengi wanaosoma hapa wangesema hivyo hivyo. Gari la kwako, hela umetoa, mama yuko stesheni na masufuria yake. Fundi akamwangalia, akasema, "Mimi nitajua," akaingia chini ya gari.

Kwa hiyo shafti zikabaki nzima, ekseli ikabaki pana, na matairi yakabaki nje. Mabega yakazaliwa hapo. Trafiki hawezi kukuacha upite na matairi yanarusha mawe kwenye vioo vya watu, kwa hiyo lazima yafunikwe. Fundi alichukua bati la pipa la oili, akalipinda kwa nyundo juu ya gogo la mwembe, akalifunga kwa riveti. Mkunjo wa bega la kulia hauko sawa na wa kushoto, angalieni picha vizuri.

Viti vya springi navyo vilichukua siku. Ukichomelea bomba la ekseli kwa pupa upande mmoja linajipinda kwa joto, na bomba likipinda hata kidogo shafti inazunguka kwa shida na beringi zinakufa mapema. Fundi alichomoa shafti na sili zote, akawa anachomelea nusu dole upande huu, anahamia upande wa pili, anasubiri ipoe, anarudi. Pima yake ilikuwa kamba. Mjukuu akaleta cha kwake: programu ya pima maji kwenye simu. Pua ya difu inatakiwa ielekee sambamba na mkia wa gia boksi, ikiinama au ikiinuka kupita kiasi, krosi za propela zinapigana na gari linatetemeka kama limeshikwa na homa. Simu ikalazwa kwenye gia boksi, ikasomwa, ikalazwa kwenye difu, ikasomwa, viti vikazungushwa kidogo kidogo mpaka namba zikafanana, ndipo vikashikishwa. Hapo wakaelewana, yule wa simu na yule wa nyundo. Kabla ya hapo walikuwa wanaitana "wewe".

Halafu ikaja propela. Flenji ya Datsun na flenji ya Noah matundu yake hayakutani. Njia ya kawaida ni kukata propela na kuichomelea kichwa cha Noah. Na hii, tofauti na hafu shafti, si dhambi. Viwandani kwenyewe propela ni bomba lililochomelewa vichwa, ukipeleka kwa mtu anayejua na ikapimwa mizani yake, inatembea miaka. Mjukuu alilijua hilo, alishaangalia video kama kumi. Fundi alilijua zaidi.

Lakini inazunguka.

Safari hii fundi alikwenda mwenyewe. Tangu msiba alikuwa hajakanyaga kile kibanda. Watu waliokuwa wanakula walisema alisimama nje ya mwamvuli kama mtoto aliyetumwa chumvi. Akaeleza yote, kwamba hii ni tofauti, kwamba hata viwandani, kwamba akiichomelea atakwenda kuipimisha Tanga.

"Inazunguka?" mama akauliza.

"Inazunguka."

"Basi hapana, fundi."

Akageuka kuendelea kupakua wali. Kihesabu mama alikuwa amekosea, na fundi alikuwa na haki zote za kubishana. Hakubishana. Alirudi Tanga kwa basi lile lile, mtu wa kukereza akamtengenezea sahani ya chuma ya mviringo, nene kama dole gumba, yenye matundu manne ya Datsun na matundu manne ya Noah, na ukingo katikati wa kuhakikisha flenji zote mbili zinakaa kwenye kitovu kimoja. Bolti nane, hakuna mshono. Bahati ikawa upande wao, maana pua ya difu la Noah ilikaa nyuma kidogo kuliko ya zamani na unene wa sahani ukaziba pengo. Mkia wa propela unaoteleza ndani ya gia boksi ukabakiwa na nafasi ya kupumua pale gari linaporuka kwenye mashimo. Walihakikisha hilo gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, likiwa na mizigo, siyo linaning'inia kwenye jeki. Wengi wanapimia kwenye jeki halafu wanashangaa gia boksi inavuja.

Mtu atasema sahani ile ni bora kuliko kuchomelea. Wala. Ni uzito zaidi na bolti zaidi za kukagua. Ilitengenezwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa anadai kitu ambacho hakina bei, na mwingine akaamua kulipa bila kuuliza hesabu.

Breki ziliwatoa jasho. Ngoma za Noah ni kubwa, zimetengenezwa kusimamisha gari lililojaa watu. Ukiziweka nyuma ya pikapu nyepesi isiyo na mzigo, ukigusa breki matairi ya nyuma yanakamata kabla ya mbele, na mkia unataka kukupita. Waliijaribu kwenye barabara ya vumbi, ikageuka ikaangalia ilikotoka. Babu alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, akapiga makofi, akadhani ni makusudi. Wakabadilisha silinda za breki za nyuma kwa ndogo zaidi, wakarudi kwenye vumbi. Mara kumi na kitu. Fundi hakutaka kupokea gari kutoka kwa mjukuu mpaka aliposimama ghafla mara tatu mfululizo bila mkia kucheza.

Kuna mambo mengine ni ya kuchekesha tu. Magurudumu ya mbele yana nati nne, ya nyuma tano, kwa hiyo gari hili linabeba tairi mbili za akiba kama lori la Kongo. Na spidi mita: matairi ya nyuma sasa ni makubwa, jambo ambalo lingeifanya idanganye, ila difu la Noah nalo ni fupi zaidi. Walilipima kwa chaki, wakazungusha magurudumu yote mawili duru moja na kuhesabu propela inazunguka mara ngapi, ikaja kama mara nne na robo, zaidi ya lile la zamani. Makosa mawili yakakutana yakafutana. Dashibodi ikisema 60, simu inasema 62. Babu anadai alilijua hilo tangu mwanzo.

Kuhusu malipo ya fundi, mjukuu alipoulizia aliambiwa alipie gesi, riveti na ile sahani. Kazi ya wiki tatu. Nauli za Tanga hazikutajwa. Mjukuu akaona aibu, akaacha elfu hamsini chini ya boksi la spana, kesho yake akaikuta kwenye siti ya Datsun imekunjwa vile vile. Kijijini watu wana maelezo yao na kila mtu ana lake. Kwamba anamlipa marehemu. Kwamba anaogopa. Kwamba ni mtu mwema tu na watu wana midomo. Mwenyewe hajaulizwa, na haelekei ataulizwa.

Safari ya kwanza ya mzigo ilikuwa ya kulipa deni: mchele na mkaa wa mama kutoka Korogwe. Kijana akiendesha, mama mbele na kanga yake, fundi nyuma kwenye bodi kwa sababu alisema anataka kusikiliza difu. Njia nzima mama hakusema kitu isipokuwa mara moja, walipokuwa wanapitwa na Noah ya abiria, alipomwambia kijana aiache ipite.

Walipofika Korogwe hakwenda sokoni moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya gari, akainama, akaweka kiganja karibu na ngoma ya breki kusikiliza joto, halafu akaanza kuhesabu nati kwa kidole. Upande huu tano. Akahamia upande wa pili, tano.

"Fundi, hizi zimekazwa tena baada ya kutembea?"

Hazikuwa zimekazwa. Fundi akashuka, akachukua spana ya magurudumu, akazikaza zote kumi moja moja, kwa mtindo wa nyota, mama amesimama juu yake na kikapu mkononi. Ya saba ilizunguka kidogo kabla ya kugoma. Wote watatu waliiona ikizunguka.

"Haya twende," mama akasema, "mchele utaisha."